Kalafati: kutoka Konstantinopoli hadi Nungwi

Disemba 1041 Konstantinopoli ilipata mfalme mpya, Mikaeli wa Tano, na wenyeji wakampachika jina la kazi ya baba yake: Kalafatis. Baba huyo, Stefano, alikuwa fundi wa kuziba nyufa za meli kabla shemeji yake hajapata ufalme na kumpandisha hadi akaongoza merikebu za vita. Mtoto hakudumu. Aprili 1042 watu wa mji walijaa barabarani, wakamtoa kitini, akapofuliwa macho. Kijina ndicho kilichobaki. Na leo ukishuka pwani ya Nungwi, ukamkuta fundi amechuchumaa chini ya mashua iliyosimamishwa kwa magadi, yaani miti ya kuegemeza chombo, nyundo mkono wa kulia, chembeu, patasi yake, mkono wa kushoto, ukamuuliza yumo katika kazi gani, jibu lake ni neno lilelile. Anakalafati.

Kwa Kiswahili neno hili limebeba mambo matatu. Kalafati ni kitendo cha kushindilia pamba au nyuzi katika maungio ya mbao za chombo. Ni ile pamba yenyewe ikishaingia mahali pake. Na ni kazi nzima ya matengenezo, kama mtu asemapo kwamba mashua fulani inataka kalafati. Ngalawa haimo sana katika habari hii, kwani mwili wake ni gogo moja lililochongwa, aghlabu la mwembe, na gogo halina maungio. Ukiona ufa katika ngalawa ujue mti umepasuka, na dawa yake ni nyingine. Wenye haja ya kalafati ni mashua na jahazi, vyombo vilivyopangwa ubao juu ya ubao kutoka mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hadi juu, zikapigiliwa kwenye mataruma, mbavu zake za ndani. Mashua ya urefu wa mita 8 yenye mistari kumi ya maungio kila ubavu ina kiasi cha mita 160 za kushindiliwa pamba kwa mkono, inchi baada ya inchi. Kazi ya namna hiyo haikosi kuwa na jina lake khasa, na jina hilo halikosi kusafiri.

Limesafiri kweli. Waarabu wanasema qalfata, Waturuki kalafat, Wagiriki fundi wake ni kalafatis. Kitaliano kina calafatare, Kihispania calafatear, Kifaransa calfater, Kijerumani kalfatern, Kiholanzi kalefateren. Wareno wana mawili, calafetar kwa kitendo na calafate kwa fundi. Bahari ya Kati ilikuwa na desturi ya kuchanganya mabaharia wa kila kabila katika merikebu moja, na maneno ya kazi yalihama na mafundi. Hata karakana kubwa ya meli ya Venice, ambako wazibaji walikuwa na chama chao wenyewe, jina lake Arsenale limetoka katika Kiarabu dar as-sinaa, yaani nyumba ya utengenezaji, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi "sanaa".

Kila lilikotua likapata maisha yake. Waholanzi siku hizi wanaweza kulitumia, wakilitangulizia op-, kwa nyumba kuukuu iliyotiwa viraka au hata mgonjwa aliyepata nafuu kidogo. Bahari imetoka kabisa katika picha. Wafaransa walilisikia karibu na neno lao feutre, kitambaa cha sufu iliyogandamizwa, wakalipindua likawa calfeutrer, kuziba penyo za madirisha upepo wa baridi usiingie, na kutoka hapo kujifungia ndani. Nchini Romania, ukingoni mwa mto Danube, uko mji unaoitwa Calafat. Kusini kabisa mwa Argentina uko El Calafate, uliopewa jina la kichaka chenye miiba na matunda ya zambarau, nacho kichaka kimehusishwa na wazibaji wa vyombo. Kuwait fundi muunda vyombo ni qallaf, na neno limekuwa jina la ukoo. Haya ni matawi, na ningependa kukaa zaidi kwenye shina, na kwenye tawi lililotufikia.

Mtu mwenye sikio zuri anaweza kudai kwamba sisi tulilitoa kwa Wareno. Calafate na kalafati zinalingana irabu kwa irabu, na Wareno walikaa katika pwani hii kiasi cha karne mbili, wakatuachia meza, kasha, pipa, leso, bendera, gereza na roda ya kupitishia kamba. Tena uko mfano wa karibu. Katika lugha ya mabaharia wa Kihindi mzibaji aliitwa kalapatti, na hilo limetokana na calafate ya Kireno. Dai hili lina sura nzuri, lakini silikubali kwa upande wetu, na kinachonizuia ni sarufi. Walichotuachia Wareno ni majina ya vitu. Vitenzi vya asili hiyo ni shida kuvipata. Kalafati ni kitenzi kamili, tena chenye tabia ya vitenzi vya Kiarabu vinavyoishia na -i, ndugu wa safiri, rudi, badili na fikiri: kalafatia, kalafatiwa, kalafatisha. Lingetoka kwa Wareno tungetarajia liwe jina la mtu, kwani calafate ni mtu, ilhali sisi mtu huyo tunamwita fundi tu.

Ile irabu iliyozidi kati ya l na f nayo isitushughulishe. Tazama maneno mawili yanayokaa naye katika kikapu kimoja cha vifaa. Shahm, mafuta ya mnyama, kwetu ni shahamu. Duhn, mafuta, pamoja na kitenzi chake cha kupaka, ndiko ilikotoka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa chini ya chombo. Kiswahili kilipopokea konsonanti mbili zilizobanana kilizipa nafasi ya kupumua, na qalfata kikaifanyia vivyo hivyo. Njia ya kulileta haitafutwi mbali: vyombo vya Oman na Ghuba vilikuja na kaskazi, vikakaa hapa hadi kusi iwarudishe, na muda huo wa kungoja ndio uliokuwa wa kuvipandisha mchangani, kuvikwangua na kuviziba. Fundi wa Malindi hakulijifunza neno hili barazani, alilipokea pamoja na nyundo. (Si Waarabu peke yao waliotupa lugha ya chombo, usisahau. Nanga, bandari na nahodha ni za Kiajemi, na mashua imetoka Bara Hindi, katika jina la chombo cha kuvulia samaki.)

Na Waarabu walilitoa wapi? Hapo wataalamu wamegawanyika. Kundi moja linaanza na kitenzi qalafa, kuambua ganda, chenye jina qilf, ganda la mti. Kamusi za zamani za Kiarabu zinaeleza pia kwamba qalafa kwa safina ni kuzishona mbao zake kwa nyuzi za mtende na kutia lami katika mianya yake. Kundi la pili linakwenda Roma, kwenye calefacere, kupasha moto, kwa hoja kwamba wazibaji wa Ulaya walichemsha lami na kuimimina ikiwa ya moto juu ya nyuzi.

Kabla ya kuchagua upande, jihadhari na Kiingereza. Neno lao caulk linafanana na yetu hata mtu akaapa kuwa ni ndugu, nalo si ndugu. Limepita katika Kifaransa cha kaskazini kutoka calcare ya Kilatini, kukanyaga, na calcare imetoka calx, kisigino. Waingereza wana deni jingine kwa wazibaji, nalo ni kubwa zaidi na hawalijui. Nyuzi za katani za kuzibia zilikuwa stuppa kwa Kilatini. Kuziba kwa nyuzi hizo kukawa stuppare. Na kutoka huko likapatikana neno stop. Kibao chekundu kinachomsimamisha dereva wa daladala, kwa asili yake, kinamwambia azibe.

Mimi nauelekea upande wa Kiarabu, na sababu naitoa katika kazi yenyewe. Chombo kinaweza kukalafatiwa mwanzo hadi mwisho bila kuwasha moto, ila hakiwezi kukalafatiwa bila nyuzi. Moto wa makuti ni wa kusafishia tu, na wa kuyeyushia huja baadaye, wakati wa deheni, na wengine wa leo hawaufikii kabisa. Isitoshe, ile maana ya kamusi, kushona na kuziba kama tendo moja, haieleweki vizuri ukiwa Venice, mahali pa meli za misumari, lakini inaeleweka mara moja ukiwa katika bahari yetu. Mwongozo wa Kigiriki wa wafanyabiashara wa karne ya 1 unakitaja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii, ambacho wengi wanakidhani kuwa Pemba au Unguja, na vyombo vyake vilivyoshonwa, vya kuvulia samaki na kasa. Soko la mwisho la pwani wakaliita Rhapta, kwa sababu ya vyombo vilivyoshonwa. Mtepe ndio uliokuwa wa mwisho wa ukoo huo: mbao zimetobolewa kingoni, zimefungwa kwa kamba za usumba, na chini ya kila mshono imelazwa nyuzi iliyobanwa na kamba ileile, kisha matundu yakazibwa. Hapo fundi hakalafati baada ya kuunda. Kushona na kukalafati vinakwenda pamoja, kama kamusi isemavyo. Mfano wa mtepe wa ukubwa kamili uliundwa Unguja mwaka 2003 na kuwekwa katika Beit al-Ajaib.

Sasa tushuke mchangani, maana maneno haya yote hayana uzito mpaka ujue pamba inafanya nini ndani ya ule mwanya.

Ubao ukinyonya maji hunenepa kwa upana. Urefu wake karibu haubadiliki. Kwa hiyo maungio ya kwenda na urefu wa chombo, yale yanayotoka omo hadi tezi, mbele hadi nyuma, hufunguka na kufunga kila chombo kinapokauka na kulowa, na maungio ya ncha, pale ubao mmoja unapokutana na mwingine kichwa kwa kichwa, hayajifungi yenyewe hata siku moja. Pamba imewekwa kwa ajili ya mwendo huo. Ikiwa imeshindiliwa sawasawa, mbao zinapovimba zinaibana, zinapokauka kidogo inasukuma na kuzifuata. Anayeidhania kuwa ni kizibo tu ndiye atakayetia saruji.

Kazi inaanza na mwezi. Unguja na Pemba maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi. Chombo kinaletwa juu kabisa kwenye maji makuu ya bamvua na kuachwa pale. Siku zinazofuata, maji yakielekea kuwa mafu, hayakifikii tena, na fundi anapata wiki nzima au zaidi ya ukavu. Bamvua la pili linakielesha. Kosa la hesabu hapa ni ghali. Mabamvua hayalingani, na yale ya karibu na Machi na Septemba ndiyo makubwa kupita yote. Ukikipandisha chombo hadi ukingo wa bamvua kubwa na linalofuata likawa dogo, chombo kitabaki mchangani kikikauka, na mianya uliyoiziba itaachia. Kipandishe chini kidogo ya alama ya juu ya maji.

Kugadimu chombo, yaani kukitia magadi, kuna siri yake. Mkuku uungwe mkono kwa vigogo urefu wote, na si ncha mbili tu. Mkuku ukining'inia katikati, chombo kinapinda kwa uzito wake, mianya mingine inafunguka na mingine inajificha, na fundi anakalafati chombo kilichopinda. Kikirudi majini kinajinyoosha, na kazi yote ya chini inatema pamba. Ukiwa na mashaka, funga uzi kutoka mbele hadi nyuma ya mkuku uone kama umenyooka kama ulivyoundwa.

Kisha ni kukwangua na kuchoma. Makuti makavu yanawashwa na kupitishwa chini ya chombo, harakaharaka, moto ulambe usitafune, kuua uchafu wa baharini na minyoo watoboao mbao. Minyoo hao wana hila: tundu la kuingilia ni dogo mno, ila ndani wamechimba njia ya unene wa kidole. Gonga ubao kwa nyundo kila shubiri. Panapolia butu pachunguzwe, na ubao ulioliwa utolewe. Hakuna pamba ya kuuokoa.

Pamba kuukuu inachokolewa yote kwa chuma chenye ncha iliyopinda. Wengi huacha ile inayoonekana nzima, na ndipo uvujaji unapoanzia, kwa kuwa pamba mpya haikamati juu ya pamba iliyooza. Mwanya unaofaa una umbo la kabari: nje umefunguka milimita 3 au 4, ndani mbao zinagusana. Ukipitisha mwangaza moja kwa moja, pamba nayo itapita na kuangukia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Mwanya uliopanuka kupita milimita 6 hivi hautaki pamba nyingi zaidi, unataka upapi mwembamba wa mbao utiwe ubavuni mwa ubao ili mwanya urudi kuwa mwanya.

Pamba iwe ya nyuzi ndefu isiyosokotwa kiwandani. Fundi anaisokota pajani ikawa kamba laini, ya unene wa penseli kwa mwanya wa kawaida na nyembamba zaidi kwa mwanya uliobana, anaichovya katika sifa, yale mafuta ya maini ya papa, au mafuta ya nazi, kisha anaikamua mpaka isidondoke. Mafuta yanaizuia isioze na kuisaidia iteleze hadi ndani. Yakizidi, pamba inashiba mafuta badala ya maji, haivimbi, na chokaa ya juu haishiki. Pua ya wapita njia haiipendi sifa, lakini sijaona mafundi wakijali.

Chembeu ni patasi butu, na ubutu ndio uhai wake. Patasi kali inakata pamba na kujeruhi kingo za mbao. Pamba hailazwi ikiwa imenyooka. Inapigiliwa kwa mikunjo midogo, mkunjo baada ya mkunjo, wa karibu karibu panapopanuka na wa mbali panapobana, na hivyo kamba ya unene mmoja inajaza mwanya wa upana unaobadilika. Mzunguko wa kwanza ni wa kuishikisha tu, kiasi cha mita moja. Wa pili ni wa kuiteremsha. Panapohitaji tabaka la pili litiwe sasa. Sikio linafanya kazi kuliko jicho: mwanya ambao haujajaa unalia kizito, uliojaa unalia kwa mlio wa juu na nyundo inadunda. Hapo acha. Uso wa pamba ubaki milimita 3 au 4 chini ya uso wa ubao.

Fundi mchanga huwa hajui kuacha. Mbao zilizokauka kwa jua la kaskazi bado hazijavimba, naye anazijaza mpaka hakuna pa kwenda. Chombo kikilowa, mbao zinasukumana kwa nguvu ambayo misumari haiwezi kuizuia, zinabanduka kwenye mataruma au taruma lenyewe linapasuka. Ukipiga mwanya mmoja kwa nguvu sana pia unailegeza jirani yake, na ndiyo maana mafundi hawamalizi ubavu mmoja kabla ya kuugusa wa pili. Wanakwenda mistari michache huku, mistari michache kule, na kurudi kugonga ile waliyokwisha kuifanya.

Juu ya pamba inakuja chokaa iliyochekechwa, ikakandwa na mafuta hadi ikawa laini, ikasukumwa kwa kidole gumba mpaka ikalingana na ubao. Sehemu ya chini, inayokaa majini, ndiyo inayopakwa deheni. Chokaa yake iwe ya matumbawe iliyozimwa, tena iliyokaa baada ya kuzimwa. Chokaa hai ikikutana na maji inachemka yenyewe, na sufuria ya mafuta ya moto si mahali pa kugundua hilo. Yeyusha shahamu kwa moto mdogo bila kuichemsha, ipua, tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji wa kulia kwa kijiko. Chota tone ulibonyeze ndani ya maji ya bahari. Likitawanyika, chokaa haijatosha. Likivunjika kama chaki, imezidi, irudishie shahamu. Inapakwa kwa viganja ingali vuguvugu, tabaka la milimita 2 au 3, na mpakaji ajipake kwanza mafuta ya nazi mikononi kwani chokaa inaunguza ngozi. Kinachotokea ndani ni kwamba chokaa na mafuta vinaungana na kuwa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini. Mnyoo anapata shida kuipenya, na maji vilevile.

Hapa pana neno kwa wenye haraka. Nyuzi za nailoni hazivimbi majini kama pamba, zinakaa tu. Saruji haijui kusogea na ubao, inapasuka siku ya kwanza ya mawimbi na vipande vyake vinasaga kingo. Lami ya barabara inalainika juani na kukakamaa usiku, tena inachafua mwanya hata pamba ya mwaka unaofuata isishike. Gundi za madukani zinazofanana na mpira ni nzuri juu ya mbao kavu. Mbao za chombo kilichofanya kazi zina chumvi na mafuta, na gundi inabanduka kama ganda moja refu. Faiba ni habari nyingine: ukikifunika chombo chote kwa faiba, kalafati imekwisha kazi, lakini ubao wenye unyevu uliofungiwa ndani unaoza bila kuonekana.

Kabla ya kukishusha, kilowe. Magunia mabichi yanatandazwa juu ya mbao na maji ya bahari yanamwagwa ndani, ya kina cha shubiri, yakabaki usiku kucha. Yawe ya bahari. Maji ya mvua yakituama ngamani ndiyo yanayoleta uozo. Wala usikijaze kama tangi ili utafute penye kuvuja, kwani kila mita moja ya ujazo ni tani nzima, na chombo kilichoundwa kubanwa na maji ya nje hakijaundwa kusukumwa na ya ndani.

Siku ya kwanza majini kitavuja, na mwenye chombo asimtukane fundi. Upo, kile chombo cha kufulia maji, na ndoo viwe tayari, mtu wa kufua maji alale humo. Baada ya siku moja hadi tatu mbao zinashiba na maji yanapungua yenyewe. Yasipopungua, tafuta kwanza maungio ya ubao wa kwanza na mkuku, halafu ncha za mbao omo na tezi, halafu misumari. Msumari uliolegea haufai kupigwa tena katika tundu lilelile. Unatolewa, tundu linazibwa kwa kijiti, na mpya unapigwa pembeni ukiwa umevishwa uzi wa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake. Na ikiwa bamvua liko mbali na mwanya uko chini ya maji, mafundi wana njia ya kuvuta siku: mtu anapiga mbizi na kikapu cha unga wa msumeno, anauachia chini ya mwanya, na maji yanayoingia yanauvuta ndani mpaka unakwama na kuvimba. Utazuia kwa siku chache ikiwa bahari imetulia, muda wa kufika bamvua na kukipandisha tena.